Usiniite Jukwaani

Asubuhi ya hafla, msichana waliyemwita Pini alikuwa juu ya ngazi, mdomo umejaa pini kama kawaida yake, akining'iniza pazia jekundu mbele ya jukwaa la ukumbi wa chuo. Chini yake Mwenyekiti alikuwa ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, ingawa ngazi yenyewe ilisimama imara na haikuhitaji mtu. Kila mjumbe wa kamati alilijua hilo, na kila mjumbe alijifanya halijui.

"Ukianguka nitakudaka," Mwenyekiti alisema.

"Mm," Pini alijibu. Mwenye pini mdomoni hana maneno mengi.

"Mm ndiyo nini? Ndiyo au hapana?"

Pini akazitoa pini, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. "Mm ni kwamba ukinidaka halafu mama yako akatokea pale mlangoni, itabidi unioe leo leo."

"Basi anguka," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, na macho aliyomtupia hayakuwa ya mtu anayetania. Pini akageukia pazia haraka, maana uso wake ulikuwa umeanza kumsaliti.

Walikuwa wamependana tangu mwanzo wa mwaka, Pini darasa la ushonaji, mwenzake darasa la uhasibu. Hafla hii ya kufunga mwaka, ya kuwachangia watoto yatima ili bweni la wasichana kituoni kwao liezekwe upya, ndiyo iliyowapa kisingizio cha kuwa pamoja kutwa. Na leo hafla ikiisha, mama yake Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba anataka kuzungumza nao wawili. Mwenyekiti alikuwa na furaha isiyo na kifani. Pini alikuwa hajalala.

Mama huyo alikuwa na duka la vitambaa, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa vilevile. Ndiye aliyetoa vitambaa vya nguo za watoto watakaoimba, na kwa hiyo ndiye mgeni rasmi. Pini alikataa katakata kushona sare. Kila mtoto alimchagulia rangi yake, na kila nguo, hata gauni dogo kuliko yote, aliitia mifuko.

"Binti, mifuko yote hii ya nini?" mama aliuliza siku alipokuja kuzikagua. "Inakula kitambaa."

"Watoto wanapenda mifuko, mama."

Hakueleza zaidi. Angeelezaje kwamba mtoto anayelala chumba kimoja na kundi la wenzake hana mahali pengine pa kuweka kitu akakiita changu? Mama alilipindua gauni, akautazama mshono kwa ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mkono huu si wa chuo. Huu umefundishwa nyumbani. Mama yako ni fundi?"

"Ndiyo, mama," Pini alisema, na uongo ukateleza kama uzi kwenye tundu la sindano.

Uongo huo haukuwa wa kwanza. Siku ya kwanza chuoni, wenzake walipokuwa wakiulizana wanatoka kwa nani, alisema wazazi wake wako mbali. Tangu hapo alikuwa na kazi ya kuutunza. Jumapili, wengine wakipigiwa simu na kwao, yeye alitoka nje ya bweni akaiweka simu sikioni, ikiwa imezimwa, akasema, "Nipo salama, mama. Nimekula." Likizo alifunga sanduku, akawaaga wenzake langoni, kisha akazunguka kwa mlango wa nyuma na kurudi chumbani, ambako hakuna mtu aliyejua kwamba yupo isipokuwa mlinzi. Mlinzi naye alikuwa mtu wa kufunga mdomo.

Basi la watoto lilipofika kwa ajili ya mazoezi, Pini bado alikuwa juu ya ngazi. Watoto waliingia wakisukumana na kushangaa mapambo, mmoja akauliza kama yale maputo yataliwa. Nyuma yao aliingia Mama Mlezi, mwanamke mwembamba aliyeongoza kituo chao miaka na miaka. Alimwona Pini, Pini akamwona, na wote wawili wakatazama pembeni. Walikuwa wamekubaliana kwa simu, na watoto waliomjua walikuwa wameonywa.

Kisha Mama Mlezi akapiga makofi mara mbili.

Katika kituo kile, makofi mawili yana maana moja tu: wageni wamefika, jipangeni. Watoto hujipanga kwa kimo, mdogo mbele, kila mmoja na mkono wake kwenye bega la aliyemtangulia. Haina mjadala. Hata ukiwa usingizini utaamka ujipange.

Pini hakukumbuka kushuka ngazi. Alichokumbuka ni kwamba alijikuta amesimama mwisho kabisa wa mstari, kichwa chini, mkono wake wa kulia juu ya bega la msichana mwenye gauni la manjano. Hapo ndipo palipokuwa pake alipokuwa mrefu kuliko wote, mwisho, mahali ambapo unashika bega la mwenzako na la kwako halishikwi na mtu.

Watoto wakaangua kicheko. "Dada naye anataka zawadi!"

Wanakamati wakacheka pia. Kijana mmoja mshereheshaji, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwahi kuzimika, akapiga kelele, "Mwongezeeni na huyo maziwa!" Pini akajitahidi kucheka, akajibaraguza kama aliyefanya kusudi. Lakini Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameuona uso wake kabla haujavaa tabasamu.

Alimkuta chumba cha nyuma ya jukwaa, akipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa.

"Pini."

"Hili gauni lina mikunjo."

"Halina. Niangalie." Akamnyang'anya pasi taratibu, akaiweka pembeni. "Wewe umewahi kukaa pale?"

Angeweza kukataa. Uongo alikuwa nao tele. Lakini alikuwa amechoka, na aliyesimama mbele yake ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumshikia ngazi isiyohitaji kushikwa.

"Nimekulia pale," akasema. "Sina mama fundi. Sina mama. Simjui hata sura. Ushonaji nilifundishwa na Mama Mlezi, kwa nguo za msaada zilizokuwa zikija kubwa kuliko sisi."

Akangoja. Alikuwa ameiwazia dakika hii mara nyingi, na kila alipoiwazia ilimalizika kwa mlango kufungwa. Badala yake Mwenyekiti alimvuta, akamkumbatia, na kidevu chake kikakaa juu ya kichwa cha Pini kana kwamba palitengenezwa kwa ajili hiyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihurumia."

"Ningekupenda zaidi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Sitaki kupendwa kwa huruma. Walikuwa wanatuita jukwaani, unajua? Wageni wakija. Mmoja anasimama, anasema jina lake na jinsi wazazi wake walivyokufa. Mimi nilichaguliwa mara nyingi kwa sababu nilijua kulia. Nikilia, wageni wanatoa. Ilifika mahali nalia bila kusikia chochote."

"Haya yamekwisha," Mwenyekiti alisema kwenye nywele zake. "Umesikia? Sasa uko na mimi."

Jamani, maneno mengine mtu angeyasikia mara moja tu akaishi nayo mwaka mzima. Pini alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alihisi kwamba upo upande mmoja wa dunia ambao ni wake.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Mama yako nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Leo leo, hafla ikiisha. Usinitangulie."

"Sikutangulii. Naapa."

Mchana wageni wakaja, wakajaza ukumbi, wakajipepea kwa kadi za mwaliko. Watoto wakaimba, wakapigiwa makofi ya adabu. Redio akatania mpaka akaishiwa. Lakini kapu la michango lilipita safu za mbele likirudi jepesi kama lilivyokwenda, maana wageni wale walikuwa na mikono ya birika. Wengine walikuwa wakichezea simu. Wengine wameanza kuangalia mlango.

Kutoka nyuma ya pazia Pini alimwona Mwenyekiti akifuta jasho. Aliijua hofu yake. Kijana wa watu alikuwa ameahidi paa, na mvua zilikuwa njiani. Akamwona akimwendea Redio, akichukua kipaza sauti, na moyo ukamlipuka kabla hata hajafungua mdomo. Machale yalimcheza.

"Ndugu wageni," Mwenyekiti alianza, na sauti yake ilitetemeka kwa kuamini anachokisema. "Mnajiuliza mchango wenu unakwenda wapi. Nitawaonyesha. Nguo hizi nzuri walizovaa watoto zimeshonwa na mwanafunzi mwenzetu. Naye amekulia kituo hiki hiki. Hana baba, hana mama, hana mjomba wala shangazi. Lakini tazameni alipofika!" Akageukia pazia, akanyoosha mkono, uso wake unang'aa. "Pini, njoo. Usiogope. Njoo wakuone."

Ukumbi mzima ukageuka. Simu ziliwekwa chini, kisha zikainuliwa tena, safari hii kupiga picha.

Angekimbia, lakini watoto walikuwa wanamtazama. Pini akajikaza kisabuni, akatoka. Mwanga ulimpiga usoni na kimya kikatanda, kile kimya anachokijua, cha watu wanaongoja ulie. Hakulia. Alisimama na mikono yake pembeni, mwanamke mzima mwenye pini kwenye blauzi, akisikia kuguna kwa huruma kukipita safu kwa safu. Katika safu ya kwanza mama mwenye duka alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kisha akainuka, akapanda jukwaani na uzito wake wote, akamkumbatia huku akilia kwikwi, na ukumbi ukasimama kupiga makofi. Kapu likapita tena, na safari hii likahitaji wabebaji.

"Maskini mwanangu," mama alikuwa akirudia sikioni mwake. "Maskini mwanangu, maskini."

Alimfuata mpaka chumba cha nyuma. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akafuta macho kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa.

"Nilikudanganya, mama," Pini akasema. "Nisamehe. Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Ah, nani asingeficha? Sina kinyongo na wewe." Mama akamshika mkono. "Sikiliza. Kuanzia leo ada yako ni juu yangu. Na ukimaliza chuo nitakununulia cherehani, mpya, ya umeme. Usikatae."

"Asante, mama."

"Wewe sasa ni kama mwanangu." Alikuwa mtu wa kusema mambo waziwazi, na hili lilimpa tabu. "Ila lile jambo lenu nyinyi wawili, mwanangu... lile tuliache."

Pini aliutoa mkono wake taratibu.

"Usinielewe vibaya. Wewe ni msichana mzuri, mchapakazi. Lakini ndoa si watu wawili. Posa nitaipeleka kwa nani? Nitabisha hodi mlango gani? Siku mwanangu akikukosea, nani atakuja kwangu kunigombeza? Mimi mwenyewe ningeolewa bila kaka zangu, marehemu baba yake huyu angenitimua zamani." Akajaribu kucheka. "Kukusaidia nitakusaidia mpaka nife. Mke ni jambo lingine."

Alimbusu kwenye paji la uso, kwa upendo wa kweli, akatoka. Na hilo ndilo lililouma. Angekuwa mwanamke mbaya, Pini angepata mahali pa kuweka hasira.

Mwenyekiti aliingia akiruka, amekunja mikono ya shati. "Paa tumepata! Pini, tumepata na rangi! Umeona? Umeona mama alivyolia?"

"Nimeona."

"Sasa huna haja ya kumwambia. Nimekurahisishia. Mama akishalia hivyo, mambo yamekwisha." Ndipo akamtazama vizuri. "Mbona hivyo?"

"Uliapa."

Furaha ilimshuka Mwenyekiti polepole. "Najua. Najua, lakini ulikuwa unaona hali ilivyokuwa? Watu walikuwa wanaondoka. Nikakuona pale nyuma, nikasema moyoni, kama wangemjua huyu kama ninavyomjua mimi..."

"Ulinijua asubuhi ya leo. Hata hatujala chakula cha mchana pamoja tangu unijue. Na kitu cha kwanza ulichofanya ni kuniita jukwaani."

"Nilikuwa najivunia!"

"Mama yako amesema tuache."

"Amesema nini?"

"Cherehani ataninunulia. Wewe hapana."

Mwenyekiti akatembea mpaka ukutani, akarudi. "Mama atazoea. Namjua. Leo kashtuka tu. Pini, nisikilize. Nilisimama mbele ya watu wote wale bila aibu. Mwanamume gani angefanya hivyo? Nimesema mbele ya ukumbi mzima kwamba nakupenda!"

"Hukusema."

"Nini?"

"Hukusema hivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na ukali. "Nilikuwa pale, nilisikiliza kila neno. Ulisema sina baba. Ulisema sina mama, mjomba wala shangazi. Ulisema watazame nilipofika. Nilikuwa nangoja. Nilijua umevunja kiapo, lakini nikawa nasema moyoni, labda sasa atasema, huyu ni mchumba wangu. Kama ungelisema hilo ningekusamehe yote, hata kabla sijashuka jukwaani. Mwanafunzi mwenzetu, ndivyo ulivyosema."

Ungemwona Mwenyekiti, alikuwa akiyarudia maneno yake moja moja kichwani, akilitafuta lile alilokuwa na hakika kwamba alilisema. Halikuwamo.

"Watu bado wapo," akasema ghafla. "Hawajatoka. Nakwenda kulisema sasa hivi."

Pini alijua kwamba angepaswa kumzuia. Mapenzi ya kuombwa hayana ladha. Lakini moyo ni kitu cha ajabu. Ulishapigwa mara mbili siku hiyo na bado ukanyanyua kichwa. Hakumzuia. Alisogea mpaka kwenye pazia alilolishona mwenyewe, akachungulia kwa upenyo.

Alimwona Mwenyekiti akimnyang'anya Redio kipaza sauti, na Redio akija nyuma kunywa maji.

"Ndugu wageni, kabla hamjatoka, nina neno moja."

Viti vikaacha kukwaruza. Katika safu ya mbele mama yake akainua uso. Hakukunja ndita wala hakutikisa kichwa. Alikuwa na mkoba wake magotini, na alimtazama tu mwanawe, kama mama yeyote aliyelea peke yake anavyomtazama mtoto wake.

"Nina neno," Mwenyekiti akarudia. Kipaza sauti kilichukua pumzi yake na kuitawanya ukumbi mzima. "Nilitaka kusema kwamba..."

Sema, Pini aliomba kimoyomoyo. Hata kwa kigugumizi. Hata ukikosea. Sema tu.

"Nilitaka kusema asanteni sana kwa kuja. Mungu awabariki."

Makofi yakalipuka. Mwenyekiti alibaki ameshika kipaza sauti, ameinamisha kichwa, na watu wa mbele wakadhani ni unyenyekevu.

Pini akaliachia pazia. Akachukua mkoba wake, akachomoa pini kwenye blauzi na kuziacha mezani, kwa kuwa zilikuwa za kamati. Alipofika mlango wa nyuma, Redio akamwita, kikombe mkononi.

"Wee Pini, unakwenda wapi? Picha ya kamati bado! Leo wewe ndiye nyota."

"Mwambie Mwenyekiti nimekwenda nyumbani."

"Nyumbani?" Redio hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza jambo lolote, ili pasiwe kimya. "Nyumbani wapi?"

Pini alifungua mdomo ajibu, na jibu halikuwapo. Asubuhi lilikuwapo. Asubuhi, kidevu cha mtu kikiwa juu ya kichwa chake, angeweza kulitaja bila kufikiri.

"Kwangu tu," akasema, na machozi aliyokataa kuyatoa mbele ya ukumbi mzima yakamtoka pale mlangoni, mengi, bila mtu wa kuyapigia makofi.